Kukata na Kurudi

Watu wa sokoni walimwita Mnara. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwa mtu mmoja tu duniani, dada yake, naye hakulitumia. Dada alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba, wa mwisho katika nyumba iliyojaa watoto. Nyumba yenyewe ilishabomoka, na wa kuikumbuka walikuwa wamebaki wawili: yeye juu ya mlima, dada yake chini bondeni, na katikati yao msitu ambao gari huuzunguka kutwa nzima mpaka litokee upande wa pili.

Kazi yake ilikuwa kutunza mnara wa redio. Aliishi chini yake, kwenye chumba kimoja cha matofali chenye dirisha moja, kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa, na meza ndefu ambayo nusu ilikuwa ya kulia chakula na nusu ya kuchomelea nyaya, ingawa mpaka wa nusu hizo ulikuwa unahamahama. Juu ya bati kulikuwa na paneli za sola. Chini ya meza zilikaa betri, kubwa, nzito, zimepangwa kama ng'ombe waliolala. Redio ilitundikwa ukutani. Upepo ukivuma, nyaya zilizoushikilia mnara zilivuma nao, na mgeni angedhani kuna kundi la watu wananong'ona nje. Mnara alishazoea. Siku za mwanzo alikuwa akifungua mlango kuwatazama.

Zamani vituo vingi vilipitisha sauti zao hapo: walinzi wa msitu, zahanati, madereva wa malori ya magogo. Chumba kilikuwa na kelele kama stendi. Kisha kampuni ikajenga mnara mpya upande wa barabara kuu, na mmoja mmoja wakahamia huko bila kuaga, maana ni nani humuaga mnara? Kikabaki kituo kimoja, bwawa la maji, kwa sababu bwawa limekaa ndani ya shimo la bonde na kutoka kule hakuonekani mnara mwingine ila huu. Simu za mkononi hazikushika, si bondeni wala mlimani. Na mtunza lango la bwawa alikuwa dada yake.

Wala haikuwa bahati. Ni dada aliyemtafutia kazi ile. Mnara alikuwa ameipitisha miaka yake kwenye majiko ya meli, machimboni, gereji, na kwenye vibanda vya mafundi redio wa miji ambayo mingine hakumbuki hata njia ya kuingilia. Dada hakuwahi kuhama. Aliolewa bwawani, akazaa bwawani, akafiwa na mume bwawani, akarithi gurudumu la lango. Ndiye aliyemtumia ujumbe: njoo utulie, nimechoka kujiuliza kila mvua ikinyesha wewe umelala wapi. Mnara akaja, kwa muda tu, mpaka apate nguvu. Muda ule ulikuwa umeota mvi.

Kila jioni, jua likielekea kuzama, redio ilikohoa kidogo, kisha sauti ikaja.

"Mnara, Mnara, hapa Bwawa. Maji yako pale pale pa jana. Umekula? Ova."

"Bwawa, nimekupata. Shikamoo, Dada. Nimekula. Ova."

"Marahaba. Umekula nini?"

"Chakula."

"Kitinda, hivyo hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimjibu mama, na sukari imekuganda shavuni."

Kimo cha maji kilikuwa cha kampuni. Yaliyofuata yalikuwa ya kwao. Walibishana nani alivunja mtungi wa bibi. Walibishana kama mbwa wa jirani alikuwa mweusi au wa madoa. Dada alicheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha akasema, "Haya, kalale, mtoto wa mwisho," na redio ikarudi kwenye mvumo wake. Hapo siku ya Mnara ilikuwa imekwisha. Mazungumzo mengine hakuwa nayo, labda ya kulibembeleza jiko liwake.

Siku moja radi ilipiga mlima. Mnara uliachwa umesimama, lakini kisanduku cha kulinda betri kiliungua mpaka kikanuka chumba kizima. Kazi ya kisanduku kile ilikuwa ndogo na ya lazima: betri ikishuka mno, kiikatie redio umeme kabla betri haijanyonywa ikafa, betri ikipanda, kiurudishe. Betri za aina ile ukizikausha hazifufuki. Mnara akaiunga redio moja kwa moja kwenye betri, akaita ofisini, nao wakamjibu kwamba kisanduku kingine kitakuja na gari la mwezi ujao. Gari la mwezi ujao alilijua. Ni gari lisilochakaa, maana halijawahi kutembea.

Akamwaga mezani mkebe wa vipuri aliozunguka nao miji yote, akaanza kutengeneza chake.

Mpango ulikuwa mwepesi. Alichukua chipu moja ndogo ambayo kazi yake ni kulinganisha: ina miguu miwili ya kusikilizia na mmoja wa kusemea. Mguu wa kwanza wa kusikilizia aliupa kipimo kisichobadilika, kinachotoka kwenye dayodi maalumu. Wa pili aliuonjesha umeme wa betri, uliopunguzwa makali na rezista mbili. Umeme wa betri ukizidi kile kipimo, mguu wa kusemea unasema ndiyo, rilei, ile swichi inayojifunga kwa sumaku, inashika, redio inawaka. Ukipungua, unasema hapana, rilei inaachia, redio inazima. Mpaka wenyewe aliuweka kwenye volti kumi na moja na nusu. Juu yake ndiyo, chini yake hapana, basi.

Jua la siku zile lilikuwa kali, betri zikashiba, na kisanduku kikakaa kimya kama mgeni mwenye adabu. Ndipo mawingu yakaja.

Jioni ya kwanza ya mawingu, dada alikuwa katikati ya habari ya kobe aliyeingia jikoni kwake. Tak, ilisema rilei. Redio ikazima. Tak. Ikawaka.

"...yuko chini ya me—" Tak. Tak. "—nikachukua ufagio, si aka—"

Tak, tak, tak-tak-tak-tak, mpaka kisanduku kikawa kinatembea mezani chenyewe, kikitetemeka kama meno ya mwenye homa.

"Dada! Dada, unakatika!"

"—we ndiye una—"

Ikabidi azime swichi kubwa kwa kiganja. Chumba kikatulia. Habari ya kobe ikaishia kwenye ufagio.

Kesho yake aliishuku rilei. Akasugua viguso vyake, pale chuma kinapokutana na chuma, kwa msasa. Mambo yakawa yale yale. Akaweka rilei nyingine, yale yale. Mwishowe akaunganisha mita ya volti, akavuta kigoda, akaangalia badala ya kutukana. Mshale wa mita ukamwonyesha. Redio ilipovuta umeme, betri iliyochoka ilizama chini ya mpaka, rilei ikaachia. Mara tu ilipoachia, mzigo umeondoka, betri ikapumua na mshale ukapanda wenyewe, bila jua, bila chochote. Chipu ikaona mpaka umevukwa, ikasema ndiyo. Rilei ikashika, mzigo ukarudi, betri ikazama. Ukawa mchezo wa kuingia na kutoka kwenye mlango mmoja, na kila kuingia na kutoka kuliila rilei uso wake na kuinyonya betri tone jingine.

Dawa yake aliijua. Fundi mmoja mwenye chongo, katika mji mmoja wa reli, alimfundisha kwa makofi ya kisogo: mpaka mmoja hautoshi, weka miwili. Wa chini uwe wa kukata. Wa juu uwe wa kurudi. Kati yao acha pengo ambalo chipu haibadili neno lake. Ikishasema hapana, ishikilie hapana yake mpaka betri ivuke mpaka wa juu; ikishasema ndiyo, ishikilie mpaka betri ianguke chini ya ule wa chini. Na kulifanya pengo hilo ni rezista moja tu zaidi, inayotoka kwenye mguu wa kusemea ikarudi kwenye mguu unaoonja betri, ili chipu ikumbuke ilisema nini mara ya mwisho. Rezista kubwa, pengo dogo. Rezista ndogo, pengo kubwa.

Mnara akachagua rezista kubwa kuliko zote mkebeni.

Si kwamba hesabu ilimshinda. Pengo kubwa maana yake redio ikizima leo, kwa mawingu kama haya, itakuwa imezima kesho na kesho kutwa, ikingoja betri zipande mpaka huko juu. Nani angekaa siku zote hizo na zile nyaya zinazonong'ona? Akaweka pengo jembamba, la unyoya. Rilei ikaacha kutetemeka. Sasa ilikata kistaarabu: dakika chache za dada, tak, kimya cha kutosha kuosha kikombe, tak, dada tena. Mnara akajiona ameshinda.

Na ndani ya vipande hivyo ndimo alimokuwa akipata habari za ugonjwa.

Moyo wa dada ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba. Pumzi ilimwishia kwenye ngazi ndefu za kushukia penye kipimo cha maji, na gurudumu la lango lilikuwa zito hata kwa kijana. Daktari alishasema aache kazi ile. Mwanawe, dereva mjini, alikuwa amemtengea chumba, hospitali ikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Kila dada akianguka, mwanawe alikuja na gari, akashika gurudumu, akashuka ngazi kwa niaba yake. Dada akajilaza kitandani. Uvimbe ukapungua. Akainuka, akaoga, akamaliza sahani nzima, akatangaza: mimi mzima, nirudishieni kazi yangu, na wewe rudi kwa mkeo. Mwanawe akaondoka. Haukupita muda, dada yuko chini kwenye ngazi tena.

Ilikuwa imetokea hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara Mnara alishangilia.

"Kitinda, nimepona! Leo nimefagia hadi uwanjani. Ova."

"Nasikia, Dada. Sauti yako leo ya msichana kabisa."

"Mwongo we. Msichana gani?"

"Yule aliyekuwa anatuchapa."

Dada akacheka mpaka akakohoa, na Mnara akalala usingizi mzuri.

Jioni nyingine redio ilikohoa, na sauti iliyokuja haikuwa ya dada.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yuko wapi?"

"Amelala. Nimemkuta kwenye ngazi, Mjomba. Amelala kifudifudi, mkono mmoja umo majini. Sijui alikaa pale tangu saa ngapi. Safari hii hata midomo ilikuwa imebadilika rangi."

Mnara alishika ukingo wa meza.

"Mjomba, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema."

"Kila nikija namfungia mizigo. Godoro, masufuria, nguo, vyote. Anakubali. Halafu jioni anaongea na wewe, na asubuhi nakuta amefungua. Lile pazia la dirishani ndiyo kabisa, hajawahi hata siku moja kuniruhusu nilishushe. Ananiambia liache, mimi narudi sasa hivi. Madaktari nimeshindana nao, na bosi wangu nimeshindana naye. Wewe siwezi kushindana na wewe."

"Mimi sijawahi kumwambia abaki."

"Hujawahi kumwambia aondoke pia, Mjomba."

Tak.

Redio ikazima. Mnara alibaki na maiki mkononi. Akageukia mita, apate pa kutazama. Mshale ulikuwa unapanda, taratibu, kwa majivuno, kama kawaida yake mzigo ukishaondoka.

"Ndiyo, umepona," akaiambia betri kwa kejeli. "Umepona kwa sababu hujabeba kitu."

Akaona kitanda cha bwawani, dada amelala, na nje mwanawe anazungusha gurudumu. Akamwona anainuka, anaoga, anamaliza sahani. Nimepona, Kitinda. Na huku mlimani yupo mtu mzima na mvi zake, kazi yake kuitikia ndiyo kila mshale ukigusa mpaka.

Tak, ilisema rilei. Mnara akanyoosha mkono, akaizima.

Asubuhi alipasha moto chuma cha kulehemu. Akaing'oa ile rezista kubwa, akaitupa mkebeni. Hesabu aliifanya juu ya ubavu wa boksi, kwa kalamu ya risasi, akaifuta, akaifanya tena, maana mkono wake ulikuwa bado unataka kuhonga tarakimu. Kukata, volti kumi na moja na nusu. Kurudi, kumi na mbili na robo tatu. Alipopata rezista ndogo iliyofaa aliilehemu kwa uangalifu, akaipuliza, akaivuta kwa ncha ya kucha kuona kama imeshika. Imeshika. Akawasha. Mshale ulikuwa katikati ya pengo, na rilei haikusema lolote. Siku ile jioni haikuwa na dada. Siku iliyofuata pia.

Kisha mchana mmoja jua likachungulia. Mshale ukajikongoja ukafika juu, ukagusa. Tak. Mnara akajua amepewa jioni moja, tena si nzima. Hakuiita ofisi. Hakumwita mtu. Alikaa bila kuigusa maiki mpaka jua likaelekea kuzama.

"Mnara, Mnara, hapa Bwawa. Maji yamepanda kidogo. Kitinda, ulikuwa wapi wewe? Nimekuita mpaka koo limekauka. Nimeinuka! Huyu mtoto kafunga mizigo tena, nyumba haina hata kikombe, maji nanywea kifuniko cha chupa. Kesho namrudisha kwao. Ova."

Mnara alitazama mshale kabla ya kubonyeza.

"Shikamoo, Dada. Nani ameshika gurudumu leo?"

"Yeye. Si yupo?"

"Nani ameshuka ngazi?"

"Yeye. Kwani umekuwa polisi?"

"Basi hujapona. Umepumzika. Betri zangu zina tabia hiyo hiyo. Nikizitua mzigo zinajidai nzima, nikizitwisha zinaanguka."

"Unanifananisha na betri, Kitinda?"

"Betri hazinitukani. Mengine yote sawa."

Dada alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuwa na haraka ya kwisha. Mnara alingoja. Kila sekunde ya kikohozi kile mshale uliteremka.

"Sikiliza, Dada, betri iko chini. Nenda mjini. Na usirudi ukisikia nafuu. Nafuu itakuja, tena mapema, usiiamini. Rudi siku utakayopanda ngazi za nyumba ya mwanao na ndoo imejaa mkononi, ufike juu, na pumzi ya kumgombeza bado unayo. Kabla ya hapo, hata ukijisikia kuruka kamba, kaa. Na pazia ulishushe."

Mvumo. Alidhani amempoteza.

"Huyu mtoto kakwambia habari za pazia."

"Kaniambia."

"Lile nililitundika siku nilipoletwa hapa, mwali."

"Najua. Nani alikushikia kigoda?"

Sauti ya dada iliporudi ilikuwa imesinyaa, kama ya mtu anayezungumza na mlango.

"Na wewe je, Kitinda? Wewe utaongea na nani?"

Mnara akabonyeza maiki. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Tak.

Mara moja tu, na haikurudia. Taa ndogo ya kijani ya redio ilizimika. Alikaa akiitazama rilei. Mshale ukaanza kupanda, ukavuka kumi na moja na nusu, ukavuka na lile pengo la unyoya la zamani, na rilei ikakaa pale pale, imeachia, kama alivyoifundisha.

Juu ya meza, upande wa kulia chakula, kulikuwa na kijiko. Ukikilaza kijiko juu ya viguso viwili vya rilei, umeme unapita, chipu ipende isipende. Dakika moja ingemtosha. Angesema neno lake, angesikia lake, angekiondoa. Akakichukua. Kilikuwa cha baridi na kina ukoko wa chai. Aliwaza pia kwamba dada, akimsikia tena jioni ile ile, angesikia kitu kimoja tu katika sauti yake, kwamba asiondoke, hata angesema maneno gani. Akatoka nacho nje, akakiosha kwenye pipa la maji, muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji, akarudi, akakitumbukiza mkebeni chini ya vipuri, akafunga kifuniko.

Mawingu yalikaa. Mnara alipanda juu ya bati kila asubuhi akafuta umande kwenye paneli, ingawa hakukuwa na jua la kuzuiwa na umande. Alipika. Alikula akiwa amesimama. Alijaribu kubishana mwenyewe habari ya mbwa wa jirani, akashika upande wa madoa, ambao siku zote ulikuwa wa dada, na ikamkera kuona ndio wenye nguvu. Nyaya zilinong'ona. Mchana mmoja zilinong'ona sana, mpaka akaenda akafungua mlango kuwatazama. Kulikuwa na ukungu, na kamba ya kuanikia nguo, na shati lake.

Mshale ulifika kumi na mbili, ukakaa. Ukarudi nyuma kidogo. Siku jua lilipotoka kwa kweli, lilitoka asubuhi bila salamu, likamwagika juu ya bati mpaka bati likaanza kualika kwa joto. Mnara alisimama mbele ya mita na kikombe mkononi, chai ikapoa. Kumi na mbili na nusu. Kikombe akakiweka chini. Kumi na mbili na robo tatu.

Tak.

Alingoja ya pili. Haikuja. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

"Bwawa, Bwawa, hapa Mnara. Ova."

Mvumo.

"Bwawa, Bwawa, hapa Mnara."

"Eeh, ndiyo, Mnara, hapa Bwawa. Samahani, nilikuwa nje." Sauti ya mwanamume, ya mtu anayeishika maiki mbali na mdomo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mtunza lango. Wa muda. Wameniteremsha hapa juzi."

"Mama aliyekuwepo?"

"Ameondoka na mwanawe."

"Ameacha nini?"

"Nini, mzee?"

"Ndani ya nyumba. Ameacha vitu gani?"

"Hajaacha kitu. Kuta tupu. Hata dirishani nimebandika gazeti, jua la asubuhi linanipiga usoni."

Mnara aliinua kidole kutoka kwenye maiki, akakirudisha, akakiinua tena.

"Bibi mkali yule," sauti iliendelea, imeshaanza kuchangamka. "Amenifundisha kazi yote akiwa amekaa ndani ya gari. Hakutaka kushuka. Mwanawe akamwambia, Mama, shuka basi umwonyeshe ngazi, akasema yeye ngazi za hapa hana ruhusa nazo, ameambiwa aanze na za mjini. Halafu akasema kuna mtu mlimani alikatika kabla hajamjibu. Anasema mwisho wa mwezi ukishuka sokoni umpigie, na umjibu kwanza ndipo umsalimie. Ni swali gani hilo, mzee? Umeshalijibu?"

"Sijajibu."

"Basi mimi unaweza kuniambia, nikimpata kabla yako—"

"Lilikuwa swali la kupitisha muda tu," alisema Mnara. "Maji yamefika wapi? Ova."

Mtu yule akaenda. Ngazi zilikuwa ndefu, Mnara alizijua, lakini alirudi upesi, pumzi zake zimetulia, akakitaja kimo cha maji mara mbili kama alivyofundishwa. Mnara akapokea, akakipeleka ofisini, ofisi ikashukuru. Kazi ya kampuni ikawa imekwisha, na betri zilikuwa bado zimeshiba.

"Mzee," ilisema ile sauti. "Kuko kimya hivi siku zote?"

Mnara alitazama nje ya dirisha.

"Kuna kobe," alisema. "Huingia jikoni. Angalia chini ya meza, na ufagio usimwendee nao."

"Kwa nini? Anafanya nini?"

"Sijui. Habari yake sikuisikia mpaka mwisho."

"Haya. Asante, mzee. Ova."

Redio ikarudi kwenye mvumo wake. Mchana ulikuwa bado mrefu. Mnara alikunywa chai iliyopoa, akapangusa upande wa kuchomelea wa meza, kisha ule wa kulia chakula. Jioni ilipokuja alivuta kigoda akakaa mbele ya redio saa ile ile, mikono juu ya magoti. Haikukohoa. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, na rilei ilikuwa imeshika, haijabadili neno lake.